Mpango wa Baridi wa Jirani Yangu

Mara ya kwanza kumwona Jirani alikuwa amepiga magoti kwenye saruji, mkebe wa samli ubavuni, akiipaka milango ya gari lake kwa mwiko. Ilikuwa asubuhi ya mwezi wa kumi. Nilikuwa natoka zamu hospitalini, koti limefunika sare, na nilikuwa nimehamia nyumba ya pili yake siku mbili tu kabla ya hapo. Nikasema "Good morning," kama mtu anavyomsalimia mama wa Kihindi asiyemjua katika mtaa wa Northfield, hapa Birmingham. Hakugeuka.

"Kwenu hamna shikamoo?" akauliza.

Funguo zilinianguka. Nikasema shikamoo, ingawa kwetu Nakuru neno hilo tulilikuta kwenye vitabu vya shule tu. Akaitikia marahaba, akachota samli nyingine. Nilipomuuliza alijuaje mimi ni mtu wa Kenya, alisema jana nilisimama hapo nje nikigombana na mtu kwenye simu na yeye alikuwa dirishani, amesikia yote.

"Wewe ndiye uliyekosea," aliongeza, "lakini hayo tutayazungumza siku nyingine."

Kisha akanieleza kuhusu samli. Baridi ya hapa ikikolea, mpira wa mlango hugandana na chuma, na mtu akivuta kwa nguvu mpira huchanika. Kwa hiyo mpira wataka mafuta. Marehemu mumewe alikuwa akiupaka mafuta fulani ya dukani, lakini jina la mafuta hayo mumewe aliondoka nalo, na yeye nyumbani alikuwa na samli.

Usiku wa pili wake walikuja mbweha. Mbweha wa Birmingham wamezoea watu, wanatembea mtaani kama wapangaji, lakini sijawahi kuona kazi kama waliyoifanya kwenye gari lile. Walilamba milango yote minne mpaka ikang'aa, kisha kwa kuwa ladha ilikuwa imeingia ndani, wakala na mpira wenyewe. Asubuhi tulimkuta mmoja bado yupo, amekaa chini ya mlango wa dereva, anajilamba midomo. Jirani alimtazama kwa muda.

"Huyu hana hata haya," alisema, akaingia ndani kutafuta mafuta ya mgando.

Namwita Jirani kwa sababu hivyo ndivyo nilivyomtaja kwa watu. Uso kwa uso nilimwita Mama, naye aliniita Sista, kwa kazi yangu ya uuguzi. Kiswahili chake kilikuwa cha Mombasa, kimenyooka, na changu alikisikiliza kama mtu anayesikiliza injini yenye kasoro. Wiki ile ile ya mbweha nilimwambia, kwa nia njema kabisa, "Mama, gari yako inavuja oil."

"Gari langu halivuji," alisema. "Gari yako, kama ungekuwa nayo, pengine ingevuja."

Nikiandika hapa "gari lake," basi, ni matunda ya miaka zaidi ya mitatu ya kukatizwa katikati ya sentensi. Wakenya wenzangu kanisani wananicheka. Wanasema nimekwenda Uingereza kujifunza Kiswahili.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, la rangi ya krimu, lenye miaka ishirini na ushei, na mlango wa nyuma uliofungwa kwa kusukumwa na nyonga. Lakini ukitaka kulijua kweli ilibidi usome mlango wa friji ya Jirani. Kila mwaka, wiki ile ya mwezi wa kumi ambayo saa za nchi hii hurudishwa nyuma, alichana ukurasa wa kalenda kuukuu, akaugeuza, akaandika kwa kalamu nene maneno MPANGO WA BARIDI, na chini yake safu tatu: Lazima, Ingefaa, na Mungu Akipenda. Kwenye Lazima mlikuwa na maji ya redieta yasiyoganda, pedi za breki, taa ya nyuma ya kushoto ambayo iliungua kila mwaka bila sababu. Kwenye Ingefaa mlikuwa na viti vya joto, kamera ya kurudi nyuma, honi yenye sauti ya heshima. Kwenye Mungu Akipenda mwaka wa kwanza mlikuwa na kitu kimoja tu, dirisha la kwenye paa.

"La nini, Mama?"

"Abiria aone mbingu."

"Abiria gani?"

"Wewe."

Ilinichukua majira mawili ya baridi kugundua kwamba gari hilo, lililotengenezwa kwa ajili ya baridi kwa bidii namna ile, wakati wa baridi halikutoka. Nilidhani tunaliandaa kwa safari. Tulibadilisha plagi, tukaosha kabureta ambayo baadaye ilibainika si kabureta, tukafunga wipa mpya, na siku tulipomaliza nikamuuliza tunaenda wapi. Alinitazama kama nimependekeza tulitupe mtoni.

"Kwenye chumvi hii? Wataka lioze?"

Na kweli, barabara za hapa humwagwa chumvi ili zisigande, na chumvi hula chuma. Basi kuanzia Novemba hadi Machi gari lilikaa gerejini kwake, tayari kwa theluji, na Jirani akapanda basi kwa kadi yake ya wazee. Kiangazi lilitoka, Jumapili, hadi madukani na kurudi, kwa mwendo ambao ningeweza kuufuata kwa miguu kama nimechelewa kidogo. Safari pekee ya majira ya baridi ilikuwa ile ya mwezi wa pili, kwenda kwenye ukaguzi wa kila mwaka ambao hapa wote tunauita MOT. Siku hiyo aliliendesha mwenyewe, amevaa sari yake nzuri chini ya koti.

Betri haikulala gerejini. Ililala jikoni, kwenye kiti karibu na hita, imevikwa sweta ya marehemu. Wageni walipozidi viti, wageni ndio waliosimama. Siku moja nilisahau nikaweka kikombe cha chai juu yake. Jirani alikinyanyua, akakiweka sakafuni karibu na mguu wangu.

Mafundi hakuwaamini hata kidogo. Lakini mtu yeyote aliyekaa karibu naye kwenye basi alimwamini kabisa. Kwenye basi ndiko alikoambiwa kwamba kioo cha mbele kikisuguliwa kwa kitunguu hakigandi, na kwa wiki nzima gerejini mlinukia pilau. Kwenye basi ndiko alikoambiwa kwamba tairi hupenda kuzungumziwa. Hilo alilikataa, lakini nilimsikia asubuhi moja akiliambia la mbele kulia kwamba limeshughulikiwa vya kutosha na sasa lijitahidi.

Mwanamke mmoja wa kwenye basi ndiye pia aliyemwambia kuhusu kamera. Jirani alikuwa akiogopa kurudi nyuma, maana njia yetu ya magari ilikuwa moja kwa nyumba zote mbili, nyembamba, na shingo yake haikugeuka vizuri. Kamera ya gari ilihitaji fundi. Basi akaenda duka la mitumba akanunua kile chombo cha kumsikiliza mtoto mchanga akiwa chumba kingine, chenye kamera upande mmoja na kioo kidogo upande wa pili. Kamera tuliifunga nyuma kwa gundi na kamba ya viatu. Kioo alikibandika karibu na usukani. Kilifanya kazi vizuri ajabu. Ulionekana ukuta, maua, na paka wa mtu.

Jumapili iliyofuata, gari likiwa linatoka gerejini polepole nami nimesimama pembeni nikipunga mkono kumwelekeza, mtoto alilia. Alilia kwa nguvu, ndani ya gari. Jirani alikanyaga breki hadi gari likakohoa likazimika, akafungua mlango, akatoka mbio ambazo sikujua anazo.

"Nimemkanyaga," alisema. "Sista, nimemkanyaga mtoto."

Tulilala kifudifudi wote wawili, yeye upande huu na mimi upande ule, tukichungulia chini ya gari. Hapakuwa na mtoto. Palikuwa na tone la mafuta, ambalo wala sikulitaja. Kilio kikaendelea. Kisha, kutoka karibu na usukani, sauti ya mwanamume ikaanza kuimba taratibu, wimbo wa kubembeleza, kwa lafudhi ya hapa hapa Birmingham. Ndipo nilipoelewa kwamba chombo chetu kimenasa mawimbi ya chombo cha nyumba ya ng'ambo ya barabara, walikojaliwa mtoto mwezi uliopita.

Jirani aliketi pale pale chini, mkono kifuani. Akasikiliza mpaka wimbo ukaisha.

"Anaimba vibaya," alisema, "lakini anajitahidi."

Hatukuitoa kamera. Tangu siku hiyo Jirani alijua usiku ambao mtoto yule hakulala vizuri, na mara kadhaa alipeleka mtori wa ndizi kwa wazazi wake waliochoka, ambao hawakuelewa kamwe alijuaje.

Kiingereza alikijua kuliko mimi. Alikuwa amefanya kazi ya ofisi hapa miaka mingi, akiwaandikia wakubwa wake barua zao. Lakini kwenye maduka ya vipuri hakukijua hata neno. Alinichukua mimi kama mkalimani, akasimama mbele ya kaunta amekunja mikono, nami nikatafsiri huku na huku. Mwanzoni sikuelewa faida yake. Kisha siku moja tulikwenda Erdington kutafuta silensa ya mtumba, lile bomba la kutolea moshi, kwenye yadi moja ya magari yaliyokatwakatwa. Muuzaji alituletea moja, akamgeukia mwenzake akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba hii ina ufa lakini huyu bibi hataona.

Nilianza kutafuta jinsi ya kulitafsiri hilo kwa adabu. Jirani hakunisubiri.

"The bibi," alisema kwa Kiingereza cha kusomea taarifa ya habari, "would like the one without the crack."

Tulipewa nzuri, na tukaombwa radhi mara tatu. Hakutaka ipelekwe nyumbani kwa gari la mizigo. Aliivingirisha kwenye shuka aliyokuja nayo, tukapanda nayo treni kutoka Erdington hadi Northfield, mji mzima. Ilikuwa ndefu, na ilivyovingirishwa ilionekana kabisa kama mtu mwembamba aliyezidiwa. Kijana mmoja aliinuka akaipisha kiti. Jirani alimshukuru, akailaza, akaketi karibu nayo akiishika ili isibingirike. Kila aliyeingia alishusha sauti. Mzee mmoja aliyekaa mbele yetu alituuliza kwa upole kama ni ndugu yetu.

"Tunampeleka nyumbani," alisema Jirani, na hapo hakudanganya.

Nimesimulia haya kwanza kwa sababu kwa muda mrefu hayo ndiyo yote niliyoyajua. Nilidhani ni mama mwenye upweke wake na kitu cha kumshughulisha. Nilimpenda, nilicheka, nilishika tochi. Mambo yalibadilika Jumapili moja ya mwezi wa kwanza, mwaka wa tatu wa ujirani wetu, mwanawe alipotukuta gerejini.

Mwanawe ni daktari wa meno, anaishi Moseley kwenye moja ya zile nyumba kubwa za zamani zenye dari za juu. Kiswahili anakisikia, ila hujibu kwa Kiingereza. Mama yake alipoingia ndani kupika chai, alinijia karibu, akatazama mikono yangu iliyojaa grisi.

"Unajua unamsaidia kufanya nini?" aliuliza.

Nikasema nashika tochi.

Akanieleza. Baba yake alipofariki, yeye alitaka mama ahamie kwake. Mama akakataa. Wakabishana mwezi mzima, mpaka yeye, kwa kuchoka, akasema jambo ambalo alidhani ni la busara: Mama, kila mwaka gari likipita MOT, wewe bado waweza kujitunza, kaa kwako. Mwaka likianguka, unakuja kwangu bila maneno. Mama yake akampa mkono papo hapo.

"Nilidhani ni suala la mwaka mmoja," alisema. "Lile gari lilikuwa karibu kufa. Miaka saba sasa. Ana ngazi kumi na nne humo ndani, na bafu liko juu. Nikimpigia asipopokea, siwezi kumaliza jino la mtu."

Alisema hayo bila hasira. Alikuwa na mifuko ya macho kama mtu anayetoka zamu. Nilikuwa nimezoea kumfikiria kama mtu wa nje anayekuja kutuharibia kazi, na hapo sikuweza tena.

Alipoondoka nilimfuata Jirani jikoni, nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Nilikuwa nimekasirika kidogo. Nilikuwa nimefunga pedi za breki kwa kuangalia video.

"Ningekuambia, ungeanza kutetemeka mikono," alisema. "Nami nilihitaji mikono yako."

Mwezi wa pili tulikwenda kwenye ukaguzi. Kabla ya kutoka aliweka chupa ya mpira ya maji ya moto kwenye kiti cha dereva, chini ya kitambaa, ili mkaguzi akikalia akute joto. Hiyo ndiyo iliyokuwa viti vya joto vya kwenye mpango. Mkaguzi alikuwa mtu mrefu mwenye masharubu ya kijivu ambaye sikuwahi kumsikia akisema maneno zaidi ya matatu kwa wakati mmoja. Alikaa. Akasimama nusu. Akakaa tena. Baadaye nilimwona akiandika makaratasi yake huku chupa ile ameipakata.

Kisha akatuita chini ya gari lililoinuliwa. Alimulika pembeni, chini ya mlango wa abiria, akabonyeza kwa kidole gumba. Kidole kikaingia hadi kwenye kifundo.

"Kutu," alisema. Akamtazama Jirani. "Pole."

Njia nzima ya kurudi Jirani aliendesha polepole. Hakutoka gia ya pili. Tulipofika alizima gari, akabaki amekaa mikono kwenye usukani, nami nikabaki nimekaa pia kwa kuwa sikujua la kufanya.

"Chumvi," alisema hatimaye. "Mara moja kwa mwaka tu lilikuwa likitoka. Kuja hapa kwenye MOT."

Kwa nchi hii mtu yeyote mwenye namba ya gari anaweza kutazama kwenye simu kama limepita. Mwanawe alitazama. Jioni hiyo hiyo alifika na maboksi bapa kumi, yale ya kuhamia, ameyabana kwapani. Alionekana kama mtu anayeona aibu kwa kushinda.

Jirani alimkaribisha chai. Alipokwisha kumimina alimuuliza cheti cha mwaka jana kinaisha lini. Mwanawe hakujua. Yeye alijua. Gari lilikuwa limepelekwa mapema kwa makusudi, na cheti cha zamani kilikuwa bado na siku kumi na mbili.

"Tulisema mwaka," alisema. "Mwaka wangu haujaisha."

Mwanawe alinitazama mimi. Nikatazama betri.

"Siku kumi na mbili," alisema mwishowe, akaacha maboksi ukumbini.

Kanisani kwetu kuna ndugu mmoja kutoka Kongo anayechomelea mageti. Nilimwendea baada ya ibada, naye akaja Jumatano na mashine yake. Tulimfungulia maboksi yale, tukayatandika sakafuni, akalala juu yake chini ya gari. Alikaa huko muda mrefu, akigonga.

"Maman," alisema kutoka chini, "hapa hamuna chuma tena. Ni rangi tu njo inashikana."

"Hamna," alisema Jirani. "Si hamuna. Na ni rangi tu ndiyo inayoshikana."

Kugonga kulisimama. Kichwa kikatoka.

"Maman, nichomelee chuma ao nichomelee grammaire?"

Jirani aliinuka. Alikwenda jikoni akarudi na sahani ya bajia, akaiweka sakafuni karibu na kichwa cha fundi, na kwa siku tatu zote za kazi ile hakumkosoa tena hata neno moja, ingawa mara kadhaa nilimwona akiuma mdomo.

Siku ya kumi na moja tulilirudisha. Mkaguzi alibonyeza pale pale kwa kidole gumba, akabonyeza kwa nguvu zaidi, akabonyeza kwa kishikio cha tochi. Akaandika. Gari lilipita. Jirani aliipokea karatasi, akaikunja mara nne, akaiweka kwenye pochi, kisha akaniambia tupite dukani tununue maziwa. Ila nilipomfungulia mlango aliitoa tena akaisoma, na aliniachia nimwone.

Mwanawe alikuja kuchukua maboksi. Yalikuwa meusi kwa masizi, yana matundu ya cheche, na moja lilikuwa na umbo zima la mgongo wa Mkongomani. Aliyatazama, akaanza kucheka, akacheka mpaka akaegemea boneti. Kisha akauliza kama anaweza kukaa ndani ya gari kidogo. Alikaa kiti cha dereva, kile cha baba yake, dakika kama kumi, mlango umefungwa. Tulimwacha.

Mwaka uliofuata mpango wa kwenye friji ulikuwa mfupi. Safu ya Ingefaa ilikuwa tupu. Nilidhani amechoka, nikamsukuma kidogo, nikamkumbusha honi ya heshima. Alisema gari halihitaji heshima zaidi ya ile liliyo nayo. Tulifanya ya Lazima tu, lakini tuliyafanya kwa uangalifu kuliko mwaka wowote. Mwezi wa pili mkaguzi alilizunguka mara mbili, akaingia chini, akatoka, akatoa karatasi isiyo na hata alama moja. Hakuna kasoro, hakuna ushauri, hakuna cha kuangaliwa mwakani. Kwa gari la umri ule ni jambo ambalo hata yeye lilimgusa.

"Sijawahi kuona," alisema.

Jirani alimpigia simu mwanawe pale pale kwenye maegesho. Alimsomea karatasi nzima, mstari kwa mstari. Kisha akasema, "Sasa njoo na maboksi. Mapya."

Nilidhani nimesikia vibaya. Nilimuuliza njiani, nikamuuliza tena jikoni, karibu nilie. Nilimwambia limepita, Mama, limepita vizuri kuliko siku zote, hakuna anayekutoa.

"Ndiyo," alisema. Alikuwa anaikunja sweta ya betri. "Ngazi zimenichosha, Sista. Tangu mwaka juzi zimenichosha. Lakini sikutaka nitoke hapa kwa kufeli."

Gari lilichukuliwa na mkaguzi. Aliliomba mwenyewe, kwa sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kumsikia akisema: kwamba amelijua miaka mingi, kwamba mkewe anajifunza kuendesha, na kwamba chupa ya maji ya moto kama inawezekana iende nalo pia. Jirani alimpa na mpango wa mwaka ule, akamwelekeza aubandike kwenye friji, kwenye usawa wa macho.

Nyumba ya pili sasa wanakaa wanafunzi wanne. Ni watoto wazuri. Husema "Hi."

Baada ya hapo nilimwona mara chache, sikukuu na siku za kuzaliwa, kwenye ile nyumba yenye dari za juu, amekaa katikati ya watu. Hatukupata nafasi ya kuongea. Mimi nilinunua gari kuukuu langu, maana zamu zilinipeleka kila kona ya mji. Mwezi wa kumi na moja uliopita, saa tisa alasiri, manyunyu yakidondoka, nilikuwa napita Moseley nikamwona kituoni anasubiri basi, amepungua mwili, mwavuli umemzidi. Nilisimama. Aliingia, akafunga mkanda, akaweka mwavuli kati ya magoti. Nyumbani kwa mwanawe palikuwa mwendo wa dakika tano.

Nilisubiri aanze. Gari langu lina mlio upande wa kushoto na taa ya onyo iliyowaka tangu Agosti. Hayo hakuyataja. Aliuliza mama yangu anaendeleaje, nikamweleza, na nilipogeuka kumtazama kichwa chake kilikuwa kimeegemea kioo na macho yamefumba.

Nilifika mbele ya nyumba ya mwanawe nikashindwa kumwamsha. Nikaendelea mbele, nikazunguka mtaa, nikarudi, nikapita tena. Nilizima redio. Nilipunguza mwendo kwenye kona. Kigiza kilianza kuingia na taa za madirishani zikawa zinawaka moja moja, nami nilizunguka, nikifikiri kwamba hata akilala hivi saa nzima, petroli ninayo.

"Ile nyumba ya mlango wa bluu tumeipita mara nne," alisema, macho bado yamefumba.

Nilimwomba radhi. Nilisema nilidhani amelala, nitamfikisha sasa hivi.

"Nani amekwambia nataka kufika?" alisema, akajiweka vizuri kwenye kiti. "Ila safari hii kata kushoto. Kulia kuna matuta."